Potifolio ya mtandaoni kwa dizaina mpya wa Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wako wewe uliyemaliza kozi ya grafiki juzi, au uliyejifunza mwenyewe kwa video ukiwa chumbani Mbagala au Kimara, na sasa unataka watu waone unachoweza kupitia potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako bora. Majibu yameandikwa kwa kuzingatia namna kazi zinavyopatikana Dar: kwa simu, kwa kuunganishwa na mtu, na kwa mteja mwenye haraka. Soma swali linalokuhusu, si lazima ufuate mpangilio.

Wateja wote wananijia kwa WhatsApp. Potifolio ya nini?

Kwa sababu ujumbe wa kwanza wa mteja karibu kila mara ni huu: "Nitumie kazi zako nizione." Ukimjibu kwa kumwaga picha ishirini kwenye mazungumzo, mambo matatu yanaharibika. WhatsApp inazipunguza ubora, kwa hiyo maandishi madogo yanafifia. Picha hazina maelezo, kwa hiyo mteja hajui ipi ulichora peke yako na ipi ulisaidia tu. Na kesho yake zimeshazama chini ya jumbe za kikundi cha harusi, hazionekani tena.

Kiungo kimoja kinamaliza hayo yote. Mteja anaweza kumtumia bosi wake, mume wake au mshirika wake wa biashara bila kukuuliza tena. Kazi nyingi za Dar zinaamuliwa na mtu ambaye hujawahi kuzungumza naye, na potifolio ndiyo inayokusemea mbele yake.

Sina mteja hata mmoja. Niweke nini?

Hili ndilo swali linalowakwamisha wengi, na jibu lake liko nje ya mlango wako. Jipe kazi mwenyewe. Lakini usijipe kazi ya mgahawa wa kahawa wa kubuni wenye jina la Kiingereza, ulioko mji ambao hujawahi kuufika. Potifolio za namna hiyo zimejaa mtandaoni, zinafanana, na hazimwambii mwenye duka wa Tandika kwamba unamwelewa. Chukua tatizo unaloliona kila siku.

Mfano wa kwanza ni mabasi ya mwendokasi. Huduma ilianza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na tawi la Morocco linalopita Barabara ya Kawawa na la Gerezani linalopita Msimbazi. Muulize mgeni aliyetoka mkoani jana kama anajua abadilishie wapi gari akitaka kutoka Morocco kwenda Kimara. Chora ramani ya kumsaidia, itakayosomeka kwenye kioo cha simu ndogo na pia ikibandikwa ukutani kituoni. Kazi hiyo moja itaonyesha kwamba unajua kupanga taarifa, kuchagua rangi zinazotofautishika, na kufikiria mtu anayesoma akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika begi.

Mfano wa pili ni kanga. Ina kanuni ambazo kila mtu hapa anazijua hata kama hajawahi kuzitaja: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani ule ujumbe, sehemu ya chini ya mji. Kipande kina ukubwa wa takriban sentimita 150 kwa 110, na huuzwa kwa doti. Buni kanga yenye rangi chache, tunga jina lako mwenyewe au tumia methali, kisha onyesha jinsi pindo linavyokutana kwenye kona bila kukatika vibaya. Kona ndizo zinazomtambulisha fundi. Mtu aliyezoea kutazama nguo ataziangalia hizo kwanza.

Mingine utaipata ukitembea: orodha ya vyakula ya mama lishe ambayo bei zake zinabadilika kila wiki na inabidi iandikike upya bila kuchapwa, ubao wa bei wa soko la samaki la Feri, unaopaswa kuvumilia maji na mikono yenye mafuta, kadi ya kliniki kwa mama ambaye hasomi vizuri, tiketi za mechi ya timu ya mtaa.

Sharti ni moja. Andika wazi juu ya kazi hiyo kwamba ni ya mazoezi na hukuagizwa na mtu. Usibandike nembo ya benki au kampuni ya simu ukaacha msomaji adhani walikuajiri. Anayeajiri madizaina hugundua haraka, na akishagundua moja, hataamini hata zile za kweli.

Je, nibuni upya nembo za kampuni kubwa kama zoezi?

Sishauri. Hujui kwa nini nembo yao iko vile, walikuwa na masharti gani, wala ni mambo mangapi imeunganishwa nayo. Unachobaki kuonyesha ni kwamba unaweza kuchora umbo zuri, na hilo ni sehemu ndogo ya kazi. Kinyozi wa mtaani kwako mwenye bango lililopauka atakufundisha zaidi, kwa sababu atakuuliza maswali na atakataa baadhi ya mawazo yako.

Kazi ngapi zinatosha?

Sita hadi nane. Iliyo bora kabisa iwe ya kwanza, ya pili kwa ubora iwe ya mwisho. Ukiwa na nne nzuri, weka nne. Mtazamaji hukupima kwa ile dhaifu kuliko zote, maana anajua siku mbaya ndiyo hiyo atakayoipata yeye.

Behance, Instagram, Dribbble au tovuti yangu mwenyewe?

Kwa anayeanza, Behance kwa kazi kamili na Instagram kwa kuonekana. Mengine baadaye.

Behance, tovuti ya kuonyesha kazi za ubunifu, ilianzishwa mwaka 2005 na imekuwa chini ya kampuni ya Adobe tangu 2012. Kufungua akaunti ni bure, na kila kazi inapata ukurasa wake mrefu ambapo unaweza kuweka picha na maelezo kwa mpangilio unaoutaka. Ndiyo maana inafaa kwa kueleza namna ulivyofikiri. Waajiri wa wakala za matangazo wanaifahamu, hivyo hutalazimika kuwaeleza wanachofungua.

Dribbble, iliyoanza 2009, ilikuzwa na utamaduni wa kuonyesha kipande kidogo cha kazi kwa wabunifu wenzako. Utakuta huko kazi nyingi za programu za simu na tovuti. Kama ndoto yako ni mabango, vifungashio na machapisho, haitakusaidia sana mwanzoni.

Instagram ndiko mwenye duka la nguo wa Kariakoo aliko. Tumia akaunti ya kazi peke yake, usiichanganye na picha za harusi ya binamu. Picha ya wima ya pikseli 1080 kwa 1350 inachukua nafasi kubwa ya kioo kuliko ya mraba. Kila kazi igawe katika picha chache za kusogeza: kazi iliyokamilika kwanza, kisha tatizo, kisha michoro ya awali.

Tovuti yako mwenyewe ni nzuri utakapokuwa na mapato ya kuilipia kila mwaka. Anwani inayoishia na .co.tz, inayosajiliwa kupitia mawakala wa humu nchini, inamwonyesha mteja kwamba uko hapa na una nia ya kubaki. Kama tayari unalipia mpango kamili wa Adobe Creative Cloud, huduma ya Adobe Portfolio imo ndani yake, na unaweza kutengeneza tovuti rahisi bila kuandika msimbo wowote.

Kitu ambacho si potifolio ni folda ya Google Drive yenye mafaili yanayoitwa "final", "final2" na "final mpya kabisa". Usimtumie mtu hiyo.

Zaidi ya mtandaoni, andaa faili moja la PDF lenye kazi zako nne au tano, lisilozidi megabaiti 5. Ofisi nyingi bado huomba kiambatisho. Ukilituma WhatsApp, litume kama hati.

Nieleze vipi kila kazi? Mimi si mwandishi.

Huhitaji kuwa mwandishi, unahitaji kusema ukweli kwa mpangilio. Nani alihitaji, alikuwa na shida gani, masharti yalikuwa yapi, uliamua nini na kwa nini, na kilitokea nini baadaye. Aya mbili fupi zinatosha.

Tazama maelezo haya, ambayo ni ya aina inayoonekana kila mahali: "Nembo na bango kwa ajili ya fundi cherehani. Muundo wa kisasa, safi na wa kuvutia." Hayajasema kitu. Kila dizaina duniani anaweza kuyabandika juu ya kazi yoyote.

Sasa linganisha na haya, niliyoyatunga kama mfano: "Fundi huyu wa Tandika anashona sare za shule. Bango lake la zamani lilikuwa na aina tano za herufi, picha ya cherehani, maua, na orodha ya nguo kumi na mbili. Abiria wa daladala hakuwahi kuisoma namba ya simu. Tulikuwa na bajeti ya kuchapa mara moja tu, turubai la mita 2 kwa 1. Nilibakiza maneno matatu, SARE ZA SHULE, pamoja na namba ya simu. Nilichagua manjano juu ya buluu iliyokolea kwa sababu ukuta wa jirani ni mweupe na bango jeupe lingepotea. Picha ya cherehani tuliihamishia mlangoni kama stika, maana mwenyewe alikuwa anaipenda."

Sentensi ile ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Inamwambia mteja ajaye kwamba unasikiliza, na kwamba ukimkatalia kitu unamtafutia njia nyingine. Wenye biashara wa Dar wameshaumizwa na madizaina wasiosikiliza na wengine wasiopokea simu, na wanachotafuta kwenye potifolio yako ni dalili kwamba wewe utakuwa tofauti.

Kuhusu matokeo, andika unachokijua tu. Kama fundi alikuambia wateja wameongezeka, andika kwamba alisema hivyo. Kama hujui, acha. Usitunge asilimia.

Na onyesha michoro ya awali, hata ile ya kalamu kwenye daftari. Piga picha ukurasa wenye mawazo sita uliyoyakataa. Hapo ndipo anayeajiri anakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu anaona akili yako ikifanya kazi.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Vyote viwili, ukiweza. Kiswahili kwanza kwa wateja wa hapa, kisha aya fupi ya Kiingereza kwa mashirika na wateja wa nje. Usichukue tafsiri ya mashine na kuibandika bila kuisoma. Kiingereza chepesi ulichoandika mwenyewe ni bora kuliko cha kifahari kisichoeleweka.

Ila kuna jambo kubwa kuliko lugha ya maelezo: Kiswahili kilichomo ndani ya kazi zenyewe. Hapa dizaina wa Dar ana nafasi ya kuonyesha ujuzi ambao wa nje hana. Maneno yetu ni marefu. Kichwa cha habari chenye "Tunakukaribisha" hakiingii kwenye kiolezo kilichoundwa kwa neno la Kiingereza la herufi saba, na ukilibana kwa kulisonga linakuwa baya. Panga ukurasa kuanzia urefu wa maneno halisi.

Angalia pia alama ya ng’. Katika ng’ombe au ng’ambo, alama hiyo iwe na umbo la koma iliyopandishwa juu, si kijiti kilichonyooka, wala ile ya kufungulia nukuu. Fonti nyingi zinaacha pengo kubwa baada yake, kwa hiyo kwenye kichwa kikubwa sogeza herufi kwa mkono. Na zima ukataji wa maneno wa moja kwa moja mwishoni mwa mstari: programu ikifuata kanuni za Kiingereza itakukatia "mwan-afunzi", wakati silabi ya Kiswahili huishia na irabu na neno hukatika "mwana-funzi".

Mwisho, tahajia. Mpe mtu mwingine asome kabla hujapandisha. Bango lenye "tuna uza" kama maneno mawili linamfanya mteja ajiulize ni kipi kingine hukukagua.

Nimejifunza Canva kwenye simu tu. Nitachukuliwa kwa uzito?

Mtu anayeangalia bango haulizi limetengenezwa na nini. Shida ya Canva iko kwenye violezo: ukibadilisha jina na rangi, muundo unabaki wa aliyekichora kiolezo, na kuuita wako ni uongo. Anza na ukurasa mtupu.

Shida ya pili ni ya kiufundi. Nembo inapaswa kutumika kwenye kalamu na pia ubavuni mwa lori, na hilo linahitaji mchoro wa vekta, unaopanuka bila kuchakaa. Mchapaji wa Kariakoo atakuomba PDF au faili la vekta, na ukimpa picha iliyopigwa kwenye kioo cha simu, nembo itatoka na kingo zenye meno. Kama huna fedha ya kulipia Adobe, Inkscape ni ya bure kabisa na inatengeneza vekta halali. GIMP inahariri picha. Photopea inafunguka ndani ya kivinjari na inasoma mafaili ya Photoshop, kwa hiyo unaweza kuitumia hata kwenye kompyuta ya kuazima. Figma, ya kubuni kurasa za programu na tovuti, ina mpango wa bure unaotosha mtu mmoja.

Picha za kazi nizipige vipi?

Chapa kitu halisi kila inapowezekana. Zile picha za mfano za mtandaoni, ambapo nembo yako inaonekana kwenye jengo la vioo, zinatumika na maelfu ya watu na macho yameshazizoea. Stika moja iliyobandikwa kwenye chupa ya asali, ikiwa imepigwa picha na simu ya kawaida, inaaminika zaidi.

Piga asubuhi karibu na dirisha au kibarazani penye kivuli. Jua la saa saba mchana la Dar linaunguza rangi na kuweka vivuli vyeusi. Bango lililosimikwa barabarani lipige kwa mbali, watu na bodaboda wakiwa wanapita, ili ukubwa wake uonekane. Kisha piga jingine kwa karibu.

Ukubwa wa mafaili ni jambo la heshima kwa bando la mtu. Picha yenye upana wa pikseli 1400 hadi 1900 inatosha, na ukiihifadhi kama JPG yenye ubora wa wastani itapungua hadi kilobaiti mia chache bila jicho kugundua. Hakikisha iko kwenye rangi za RGB, yaani za kioo. Faili la CMYK, yaani la rangi za wino, ulilopeleka kuchapwa, ukilipandisha mtandaoni lilivyo, linaweza kubadilika rangi likaonekana limekufa au kupiga kelele.

Naruhusiwa kuweka kazi ya mteja?

Uliza mapema, kabla ya kuanza kazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo ofisi inayoshughulikia mambo hayo, lakini katika maisha ya kila siku mstari mmoja kwenye makubaliano yenu unaokoa ugomvi mwingi: "Dizaina anaruhusiwa kuonyesha kazi hii katika potifolio yake baada ya kutoka kwa umma." Hata ujumbe wa WhatsApp ambao mteja amejibu "sawa" ni bora kuliko kukaa kimya. Kama bidhaa haijazinduliwa, subiri.

Ukiwa umefanya kazi ndani ya ofisi au studio, waombe ruhusa na utaje sehemu yako. "Nilipanga kurasa, michoro ni ya mwenzangu" ni sentensi inayokupa heshima.

Sasa kadi za michango na mialiko ya harusi. Ndizo kazi za kwanza za madizaina wengi hapa, na hazipaswi kudharauliwa: kupanga majina ya familia mbili, tarehe, ukumbi, namba tatu za kupokelea fedha na jina la mweka hazina kwenye kadi ndogo ni mtihani halisi wa mpangilio. Ila kadi hiyo imejaa majina na namba za simu za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, si haki kumwekea shangazi wa bibi harusi namba yake hadharani ambako tapeli ataiokota. Kabla ya kupandisha, badilisha majina na weka namba za mfano kama 0700 000 000. Picha za maharusi ziondoe, au omba ruhusa yao kwa maandishi.

Naogopa kazi zangu zitaibiwa.

Usizibandike jina lako katikati kwa herufi kubwa, maana unamzuia mteja kuona na mwizi atalifuta kwa dakika chache. Pandisha picha za ukubwa wa wastani, si mafaili ya kuchapa. Tunza mafaili ya asili na michoro ya daftari yenye tarehe, sehemu mbili tofauti. Ukikuta mtu ameweka kazi yako kama yake, Behance na Instagram zote zina njia ya kuripoti ukiukaji wa hakimiliki, na ushahidi wako wa michoro ya awali ndio utakaosimama.

Na fonti na picha ninazopakua?

Soma leseni. Fonti za Google Fonts zinaruhusiwa kwa kazi za biashara. Nyingi za kwenye tovuti nyingine zimeandikwa kuwa ni kwa matumizi binafsi, na bango la duka si matumizi binafsi. Picha uliyoipata kwa kutafuta Google ina mwenyewe, hata kama jina lake halionekani.

Nifanye kazi za bure ili nijaze potifolio?

Moja au mbili, kwa masharti, na si kwa mtu anayefanya biashara ya faida. Chagua kikundi unachokijali: kikoba cha akina mama mtaani, shule ya msingi uliyosoma, timu, msikiti au kanisa lako. Kubalianeni tangu mwanzo mambo manne: kazi ni ipi hasa, marekebisho ni mara ngapi, itachapwa kweli, na utaruhusiwa kuionyesha. Hilo la kuchapwa lisimamie. Kazi ya bure isiyochapwa imekupotezea muda, maana hukupata hata picha yake ikiwa mtaani.

Anayekuambia "fanya bure, nitakutangaza" huku duka lake linauza, mwambie kwa adabu bei yako ya kuanzia.

Niweke bei?

Orodha ya bei hapana, itakufunga. Andika kilichomo ndani ya kazi: mawazo mangapi ya awali, marekebisho mangapi, mafaili gani atapewa, malipo ya awali kiasi gani. Mteja anayejua atapata nini hababaiki sana na bei.

Kwenye "Kuhusu mimi" niandike nini?

Sentensi tatu au nne. Jina lako, kwamba uko Dar es Salaam, aina ya kazi unayoipenda zaidi, na namna ya kukupata. Usiandike kwamba una shauku, jiangalie kama kazi zako zinaonyesha hivyo. Vile vipimo vya "Photoshop asilimia 90" vifute, havina maana kwa mtu yeyote.

Weka kiungo cha moja kwa moja cha WhatsApp: wa.me/ ikifuatwa na 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Weka na barua pepe yenye jina lako halisi. Lile jina la utani la sekondari liache kwa marafiki.

Nitafanyaje watu waione?

Tovuti peke yake haimwiti mtu. Anza na wachapaji. Mwenye mashine Kariakoo hupokea kila siku watu wenye wazo lakini hawana mchoro, na akiona mafaili yako yanakuja safi, yenye vipimo sahihi na nafasi ya kukatia, atakupa wateja bila kuombwa mara mbili.

Jua pia msimu. Maonesho ya Sabasaba hufanyika Barabara ya Kilwa kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, na kabla yake wafanyabiashara wanahangaikia mabango, vipeperushi na fulana. Mwezi Mei ndio wa kupandisha kazi zako za aina hiyo. Kwa kukutana na wasanii wengine, Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyopo tangu 2008, huwa na maonyesho na warsha. Nenda ukatazame na uzungumze na watu, usigawe kadi tu.

Ukimwandikia mtu usiyemjua, kuwa mfupi na mwenye heshima. Kwa mama mwenye kiwanda kidogo cha viungo, kwa mfano: "Shikamoo mama. Naitwa (jina), ni dizaina, naishi Tabata. Nimenunua pilipili yenu dukani, na nimeona tarehe ya mwisho wa matumizi imefichwa na mkunjo wa pakiti. Nimechora namna moja ya kuirekebisha, iko hapa (kiungo). Ukipenda tuzungumze, nashukuru. Usipohitaji, pia nashukuru kwa muda wako." Ujumbe huo una kitu kimoja ulichokiona mwenyewe na kiungo kimoja. Usitume ule ule kwa watu hamsini.

Niibadilishe kila baada ya muda gani?

Kila unapomaliza kazi iliyo bora kuliko ile dhaifu iliyopo. Ya zamani itoke siku hiyo hiyo, hata kama unaipenda. Kazi za chuo ziondoke zote mara tu utakapopata nne za wateja halisi, isipokuwa kama moja kati yake bado inazishinda. Na kila unapobadilisha, azima simu ya mtu mwingine, ya bei nafuu, fungua kiungo kwa bando la kawaida bila Wi-Fi, uhesabu muda hadi picha ya kwanza ionekane. Ikizidi sekunde chache, punguza ukubwa wa picha kabla hujamtumia mteja yeyote.